Kesi ya mapanki: Jinsi watoto wa Mwanza walivyojadiliwa mahakamani Paris

Februari 2008 mahakama ya Paris ilimtia hatiani mwanahistoria wa Kifaransa, François Garçon, kwa kosa la kumkashifu mtengenezaji filamu kutoka Austria, Hubert Sauper. Mlalamikaji alitoka Ulaya, na mshtakiwa vilevile. Sheria iliyotumika ilitungwa mwaka 1881. Lakini maneno yaliyompeleka Garçon kizimbani yalihusu watoto wa mitaani wa Mwanza: je, walipigwa picha wakiishi maisha yao ya kila siku, au walilipwa ili waigize?

Kesi hiyo haikupewa nafasi kubwa kwenye kurasa za mbele za magazeti yetu. Filamu iliyoizaa ndiyo iliyotikisa nchi. Jina lake la Kiingereza ni Darwin's Nightmare, na mtaani watu wengi wanaikumbuka kwa neno moja tu, mapanki. Ninaamini kisa hiki, kuanzia uwanja wa ndege wa Mwanza hadi chumba cha mahakama Paris, kinaonyesha vizuri kuliko kingine chochote ninachokijua jinsi habari ya kusisimua inavyoweza kuifukia habari ya kweli iliyo wazi mbele ya macho ya watu.

Sauper alieleza kwamba wazo la filamu lilimjia mwaka 1997, alipokuwa akitengeneza filamu nyingine kuhusu wakimbizi wa Rwanda waliokwama ndani ya Kongo. Aliziona ndege mbili za mizigo. Moja ilikuwa imebeba tani 45 za njegere kutoka Marekani, chakula cha kambi za wakimbizi. Nyingine ilikuwa ikiondoka na tani 50 za samaki wabichi kwenda Ulaya. Akazoeana na marubani, na kwa maelezo yake ndio waliomnong'oneza kwamba ndege za namna hiyo hazikubeba njegere peke yake. Baadaye akaja Mwanza. Yeye mwenyewe alisema kwamba ili wafike karibu na ndege, yeye na mwenzake walijifanya marubani na wasimamizi wa mizigo na kutumia vitambulisho vya kughushi.

Filamu ilitoka mwaka 2004. Inaonyesha ndege za mizigo aina ya Ilyushin zikitua Mwanza zikitokea Ulaya, na mabaki ya ndege zilizoanguka yakiwa yamelala kando ya uwanja. Inaonyesha viwanda vya minofu vilivyo safi, wafanyakazi wamevaa makoti meupe na maboti, sangara wakipita kwenye mikanda. Inaonyesha mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale ya sumu, watoto wanaoyeyusha vifungashio vya plastiki na kuvuta moshi wake ili walale usiku wa baridi, na dada mmoja aliyekuwa akijiuza kwa marubani. Dada huyo anaimba wimbo wa kuisifu Tanzania mbele ya kamera. Kabla filamu haijakamilika alikuwa ameshauawa na mteja mgeni.

Halafu yanakuja mapanki. Sangara akishatolewa minofu, kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mkia, na vipande vya nyama vilivyong'ang'ania kwenye mifupa. Malori yanayabeba kutoka viwandani na kuyamwaga kwenye uwanja wenye chanja za miti. Wanawake wanayaanika, wanayageuza, wanayapeleka kwenye mafuta yanayochemka. Katika filamu mama mmoja anasimama kwenye tope lililojaa funza na kueleza jinsi hewa ya ammonia inayotoka kwenye mizoga hiyo ilivyomharibu jicho. Hakuna msimulizi anayezungumza juu yake. Kamera imetulia tu, naye anasema.

Kama filamu ingeishia hapo, ingekuwa ngumu kuijibu. Haikuishia hapo. Inaendelea kuuliza, mara kwa mara, ndege hizi zinakuja na nini kabla ya kuondoka na samaki. Marubani wanajibu kwamba zinakuja tupu. Mwandishi wa habari wa Mwanza, Richard Mgamba, anazungumza kuhusu silaha zinazopitishwa kwenda kwenye vita vya ukanda wa Maziwa Makuu. Mwishoni rubani mmoja, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo wa moyoni, anasimulia kwamba aliwahi kupeleka zana za vita Angola, kisha akapitia Johannesburg kubeba zabibu za Ulaya.

Ni ushuhuda mzito, na mtu akiusikia haumtoki. Lakini usomwe kama hakimu anavyousoma. Rubani anazungumzia Angola. Hakusema alishusha sanduku la bunduki Mwanza. Hakuna hati ya mizigo inayoonyeshwa, hakuna kreti inayofunguliwa, hakuna tarehe, hakuna namba ya ndege. Kuna wasiwasi wenye msingi, kwa maana vita vya Kongo vilikuwa vikiwaka ng'ambo tu ya Rwanda na Burundi, na silaha za vita hivyo zilipita mahali fulani. Mtazamaji aliyekaa kwenye sinema ya Ulaya, hata hivyo, alitoka akiwa na sentensi moja kichwani: samaki wanakwenda, bunduki zinakuja. Mabango na maelezo ya kuitangaza filamu yalimsukuma huko huko.

Tuzo zikafuata. Mwaka 2004 ilichaguliwa kuwa filamu bora ya uhalisia ya Ulaya. Mwanzoni mwa 2006 ikapata tuzo ya César nchini Ufaransa, na Machi mwaka huo ikawa miongoni mwa filamu tano za uhalisia zilizowania Oscar. Huko Ufaransa kukawa na wito wa kususia minofu ya sangara, na kwa wengine kuacha kununua samaki huyo ikawa ndiyo njia ya kuonyesha huruma kwa Afrika.

Kwa watu wa Mwanza wito huo haukuwa jambo la nadharia. Walikuwa na kidonda ambacho hakijapona. Mwaka 1997 Hispania na Italia zilizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa madai ya vimelea vya salmonella. Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi kwa sababu ya kipindupindu, ingawa Shirika la Afya Duniani lilisema hatari ya ugonjwa huo kuenezwa na samaki wa biashara ni ndogo. Mwaka 1999 mlango ukafungwa tena, safari hii kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Kila mara Brussels ilipotoa uamuzi, mvuvi wa Ukerewe aliyekopa nyavu kwa tajiri yake ndiye aliyebaki na deni, na dada wa kiwandani ndiye aliyerudishwa nyumbani. Mtu aliyepitia hayo akisikia kwamba Wafaransa wanakataa sangara kwa sababu ya filamu, haulizi kwanza filamu ina ukweli kiasi gani. Anauliza kesho atakula nini.

Ndipo serikali ilipoingia. Mwishoni mwa Julai 2006, Rais Jakaya Kikwete, akiwa hajamaliza hata mwaka tangu aapishwe, aliizungumzia filamu hiyo akiwa Mwanza. Alikanusha habari ya silaha, akasema imeichafua nchi, na akapinga picha kwamba wakazi wa kanda ya ziwa wanaishi kwa kula mabaki. Agosti kukawa na maandamano Mwanza ya kuilaani filamu. Kwa wiki kadhaa habari ikawa moja: nchi imetukanwa, nani ametukana, nani amemsaidia.

Swali la mwisho ndilo lililokuwa hatari. Sauper alikuwa Ulaya, na Mgamba alikuwa Mwanza. Mwezi huo huo wa Agosti polisi walimkamata mwandishi huyo wa gazeti la The Citizen, na uraia wake ukahojiwa. Akajikuta akitishiwa kufukuzwa katika nchi aliyokuwa akiiandikia. Mashirika ya kutetea waandishi yakapiga kelele, na baadaye aliendelea na kazi yake ya habari. Hata hivyo, ujumbe ulishafika kwa kila mwandishi wa mikoani aliyekuwa akifikiria kumpa mgeni mwenye kamera maoni yake.

Nakaa kidogo kwenye jambo hili kwa sababu linaniuma. Kama alichosema Mgamba kilikuwa cha uongo, palikuwa na njia ya kukijibu. Kumbukumbu za kutua na kuondoka kwa ndege zipo. Hati za mizigo zipo. Maofisa wa forodha wapo. Serikali ingeweza kuziweka mezani mbele ya waandishi wote na kusema: someni. Siku hiyo madai ya filamu yangeanguka yenyewe, au yangesimama. Kuhoji uraia wa mtu hakumfanyi awe amesema uongo. Kunamfanya mtazamaji wa Paris aamini kwamba alisema kweli.

Huko Ufaransa nako upepo ulikuwa umeanza kugeuka. Garçon, mwalimu wa historia ya sinema katika Chuo Kikuu cha Paris 1, alikuwa miongoni mwa waliovutiwa na filamu alipoitazama mara ya kwanza. Akaitazama tena kwa macho ya mtafiti. Akaandika makala ndefu katika jarida la Les Temps Modernes, lile lililoasisiwa na Jean-Paul Sartre na wenzake, kisha mwaka 2006 akatoa kitabu kizima. Hoja yake kuu ilikuwa nyepesi kueleweka: filamu inadokeza biashara ya silaha bila kuithibitisha, na watazamaji wanameza dokezo kama ushahidi. Aliongeza kwamba ndege zilikuja tupu kwa sababu za kibiashara tu, kwamba uvuvi wa sangara uliwapa watu kazi, na kwamba mapanki yana matumizi mengine, yakiwemo chakula cha mifugo. Gazeti la Le Monde likamtuma mwandishi wake Mwanza kufuatilia. Mjadala ukawa mkali, na Wafaransa wakagawanyika makundi mawili, la Sauper na la Garçon.

Kama Garçon angebaki kwenye hoja ya silaha, naamini ingekuwa vigumu kumshinda. Alikwenda mbali zaidi. Alidai kwamba watoto walioonekana kwenye filamu walilipwa ili wacheze walichokicheza, maana yake kwamba Sauper alitengeneza uongo mbele ya kamera. Sauper akafungua mashtaka.

Hapa inafaa msomaji ajue sheria ya Ufaransa inavyofanya kazi. Huko, kumkashifu mtu hadharani ni kosa la jinai chini ya sheria ya vyombo vya habari ya Julai 29, 1881. Paris ina chumba maalumu cha mahakama kinachosikiliza kesi hizo, kinachojulikana kama Chumba cha 17. Mshtakiwa ana milango miwili ya kutokea. Wa kwanza ni kuthibitisha kwamba alichosema ni kweli, naye anapewa siku 10 tu tangu apokee hati ya mashtaka kueleza ushahidi wake ni upi na mashahidi wake ni nani. Wa pili ni kuonyesha nia njema, na hapo majaji wanapima mambo manne: je, alikuwa na lengo halali, je, hakuwa na chuki binafsi, je, alifanya uchunguzi wa kutosha kabla ya kusema, na je, alichagua maneno yake kwa tahadhari.

Mtu aliyeandika kitabu kizima akidai kwamba filamu haina ushahidi akajikuta yeye ndiye anayeulizwa ushahidi. Nani aliwalipa watoto wale, kiasi gani, lini, na nani aliona? Kumuuliza mtoto wa mtaani wa Mwanza, miaka kadhaa baada ya tukio, kwamba je, yule Mzungu alikupa kitu, si kazi rahisi. Kila Mzungu mwenye kamera aliyepita Mwanza miaka ile aliwapa watoto kitu, angalau mkate au soda. Kati ya kumpa mtoto mkate na kumnunua aigize kuna umbali mkubwa, na umbali huo mahakama ilitaka ujazwe kwa ushahidi.

Haukujazwa. Garçon akatiwa hatiani. Adhabu ilikuwa nyepesi, faini ndogo ambayo nayo utekelezaji wake ulisitishwa, lakini hukumu ilisimama. Akakata rufaa, na mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa ya Paris ikamkatalia.

Wafuasi wa filamu waliipokea hukumu hiyo kama cheti cha usafi kwa kila kilichomo ndani yake. Hawakuwa sahihi. Majaji wa Chumba cha 17 hawakukaa kuchunguza uwanja wa ndege wa Mwanza. Waliulizwa kama Garçon alikuwa na haki ya kumwita Sauper mghushi, wakasema hapana. Kama bunduki zilipita Mwanza, kwa ndege gani na kwa idhini ya nani, hilo halikuwa shauri lililokuwa mbele yao. Kwa ninavyojua, halijawahi kuwa mbele ya mahakama yoyote. Rais alilikanusha kwa hotuba, mwanahistoria kwa kitabu, filamu ililitangaza kwa picha, na mpaka leo hakuna aliyelipeleka mahali ambapo shahidi anaapa na kuulizwa maswali.

Na wakati wote huo, panki liko pale pale kwenye chanja.

Hili ndilo ninalotaka kulisema. Shauri halisi la Mwanza halikuhitaji bunduki. Lilikuwa hadharani, mchana, kwa stakabadhi na kibali cha serikali. Sangara aliletwa ziwani na wakoloni miaka ya 1950 na ya mwanzo ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amekwishameza mamia ya aina za furu, samaki wadogo waliokuwa kitoweo cha kila nyumba ya ziwani. Viwanda vikaja, na bei ya sangara ikapandishwa na mnunuzi wa ng'ambo mpaka ikampita mtu wa Kirumba pale Mwanza. Mnofu ukaenda Ulaya. Mama wa Igogo mwenye watoto wanne akabaki na hesabu ya kununua dagaa au panki. Nani alipanga kwamba mnofu uondoke na mfupa ubaki? Kodi ya mauzo ya nje ilikwenda wapi? Mvuvi alilipwa kiasi gani kwa kilo ambayo Paris iliuzwa mara ngapi zaidi? Hayo ni maswali ya uchumi, na kila moja lina jibu lenye tarakimu.

Waliokwenda kumtetea mtu wa Mwanza waliyapita haraka, kwa sababu bunduki inauza tiketi kuliko bei ya kilo. Waliokwenda kuitetea heshima ya Mwanza nao waliyapita, kwa sababu kukasirikia uongo wa silaha ni rahisi kuliko kujibu ukweli wa panki. Na watu walikula mapanki. Nimeyaona Mwanza yakikaangwa kwenye karai kando ya njia, kichwa kimepasuliwa katikati, mafuta meusi, na wateja wamesimama na vijisahani vyao, mafundi, wapiga debe, wanafunzi wenye sare. Mama mkaangaji alikuwa akinyofoa nyama ya shavuni kwa ncha ya kisu na kumwekea mwanafunzi pembeni ya ugali, maana hapo ndipo palipo na nyama ya kumtosha mtoto. Hakukuwa na aibu yoyote kwenye uso wa yeyote pale. Kula panki si fedheha. Aliyestahili kuulizwa ni yule aliyeupangia mnofu safari.

Kuhusu sheria zetu, mambo yamesogea kidogo. Mwaka 2006 kashfa ilikuwa jinai hapa kwetu pia, chini ya Sheria ya Magazeti ya 1976. Sheria ya Huduma za Vyombo vya Habari ya 2016 ikaibakiza hivyo. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki jijini Arusha ilisema vifungu kadhaa vya sheria hiyo, vya kashfa vikiwemo, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na marekebisho ya 2023 yakaiondoa kashfa kwenye orodha ya jinai. Mwandishi wa Mwanza anayechunguza biashara ya samaki leo ana nafuu ambayo Mgamba hakuwa nayo, walau kwenye karatasi.

Basi kwa mwandishi kijana wa kanda ya ziwa anayetafuta kazi ya miezi sita, kuna mafaili mawili ambayo hayajafunguliwa sawasawa. La kwanza ni kumbukumbu za ndege za mizigo zilizotua Mwanza kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hadi 2004: namba za usajili, zilikotoka, zilichoandikisha kushusha. Namba hizo zinaweza kulinganishwa na ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za Kongo, ambazo ziko wazi kwa kila mtu. La pili ni bei ya sangara mwaloni mwaka kwa mwaka kwa kipindi hicho hicho, ikiwekwa sambamba na bei ya minofu iliyotangazwa kwa forodha. Aanze na la pili. Mashahidi wake bado wako Kirumba, Igombe na Ukerewe, wengi wana umri wa kukumbuka vizuri, na hakuna haja ya kwenda Paris kuwasikiliza.